Mwito wa Mzee Onzima na Mashine ya Kusaga

Wadogo zangu wa kamera na wa sauti,

Mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunafanya filamu fupi huku kwetu mpakani, mbali na Kampala, kabla ninyi hamjaja na simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera yetu ya kwanza. Nimekubali kwa sababu moja: kuandika kunafanyika nyumbani. Mngeniita Koboko nije kuwahutubia, mngepata udhuru. Udhuru ninao wa kila aina, nimeuweka akiba.

Nimeacha kazi kwa sababu ya sikio la kulia. Limeanza kusikia kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Daktari alisema ni umri. Wani, mwongozaji niliyefanya naye kazi tangu siku ya kwanza, alisema ni adhabu ya kuwanyamazisha watu miaka yote hii. Ninyi wenyewe mnaniita Mama Kimya, na mlidhani sijui.

Wenye Kiswahili cha pwani watanisamehe. Wani ni Mkakwa wa Koboko, mimi Mlugbara wa Ediofe, na Keji, aliyetushikia kamera, alitujia kutoka Sudan Kusini na Kiarabu chake cha Juba. Kiswahili ndiyo lugha ambayo sote watatu tuliikosea kwa kiasi sawa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake kwa muda mrefu.

Mimi sikuingia kwenye filamu. Filamu ndiyo iliyoingia kwangu. Wani alikuwa anatafuta nyumba yenye sebule na dirisha la upande wa jua. Watu wakamwambia, yuko mama mmoja Ediofe hatoki kwake, lazima nyumba yake ni nzuri. Alikuja, akakaa, akanywa chai, kisha akaniuliza kwa adabu kama ningeweza kuwaachia nyumba siku moja, niende kutembelea ndugu.

"Ndugu gani?" nilimwuliza.

"Yeyote, mama."

"Ndugu zangu wanakuja hapa. Mimi siendi kwao."

Basi wakapiga picha nami nikiwemo ndani. Nilianza kwa kukaa jikoni. Nikasogea mlangoni. Nikafika nyuma ya kamera, nikawa nawaambia: msivute hicho kiti, mguu wake mmoja ni wa kuazima, pazia hilo halifungwi hivyo, nani amesogeza picha ya marehemu baba? Jua halijawa kali bado, Wani alikuwa amechoka. Akachukua hedifoni, akanivalisha mwenyewe, akasema, "Mama, wewe sikiliza tu. Ukisikia kitu kibaya, inua mkono. Usiseme neno."

Nia yake ilikuwa kunifunga mdomo. Hakujua ananipa kazi.

Nyumba niliyokuwa nimeishi tangu niolewe, kumbe sikuwa nimewahi kuisikia. Jua likipanda mabati yanalia, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama fundi wa viatu. Kuku wangu mwekundu, niliyemdhania mpole, alikuwa anasengenya chini ya dirisha bila kupumzika. Niliinua mkono mara nyingi hata Wani akaniuliza kama bega linaniuma. Wiki iliyofuata alirudi. Sebule yangu hakuiulizia tena. Alikuja na hedifoni zile zile.

Vifaa vyetu vya mwanzo msivicheke, au chekeni lakini kwa heshima. Maikrofoni niliifunga kwenye mti mrefu wa kuangulia maparachichi. Kwa ajili ya upepo nilinunua sokoni Arua kofia ya sufu ya mtoto mchanga, nikaivalisha. Keji alisema inafanana na kichanga kilichochomekwa kwenye mti, na hakukosea, kwani akina mama walikuwa wanasogea kuuliza kimezaliwa lini. Godoro langu la kitandani lilikwenda kila mahali tulipokwenda, likasimamishwa ukutani kumeza mwangwi. Hamtaliona katika filamu hata moja, na hiyo ndiyo sifa yake. Mimi usiku nililala juu ya vumbi la vijiji vyote vya wilaya na sikunung'unika. Nilinung'unika, lakini kidogo.

Wani alinifundisha jambo ambalo hadi leo naliona kuwa ndio msingi wa kazi yetu: kabla ya kusikiliza watu, sikiliza mahali. Kila mahali pana kimya chake. Kimya cha Ediofe kina kengele ya kanisa kuu ndani yake, hata kengele isipolia. Kimya cha Koboko kina malori yanayoelekea mpakani. Kimya cha Aroi kina upepo kwenye majani ya muhogo na mtu anayekohoa mbali. Tukimaliza kupiga picha, kila mtu anasimama bila kutikisika nami nanasa kile kimya, ili baadaye Wani apate cha kuziba nyufa anapounganisha. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo kijijini, watu walivua kofia wakainamisha vichwa. Nilipozima rekoda, mzee mmoja akasema, "Amina." Tangu siku hiyo hatukuwaeleza zaidi. Walikuwa wamenyamaza vizuri sana.

Mnaniuliza ugumu wa filamu fupi uko wapi. Uko kwenye ufupi wake. Katika filamu ndefu, dakika mbaya ni mbu; mtazamaji anaipiga kofi na kuendelea. Katika filamu fupi dakika mbaya ni ng'ombe aliyelala katikati ya barabara. Hakuna pa kupitia. Hakuna pa kujificha. Mwigizaji akikosea unaona, mwandishi akichoka unaona, na jogoo akiwika mahali pasipo pake, jogoo huyo anakuwa mhusika mkuu.

Na faida? Faida ni kwamba nilikuwa narudi nyumbani kulala kwangu. Mnadhani natania. Filamu fupi inafanyika katika uwanja wa nyumba moja, na watu wenye mashamba yao ya kupalilia. Asubuhi mtu anakuwa mjane, jioni anarudi kwa mume wake kupika. Huhitaji mtu maarufu, huhitaji mvua ya bandia, huhitaji kumdanganya yeyote kwamba atakuwa tajiri. Unahitaji jambo moja tu, lakini liwe jambo kweli. Na mkikosea, mnaweza kuanza upya kabla uchungu haujawaingia rohoni.

Ugumu mwingine ni wa kwetu peke yetu, sijui kama wa Kampala wanaujua: salamu. Huku mtu hapiti penye watu bila kusalimu, na anayesalimiwa hakai kimya kama mti. Tulikuwa na tukio la mama anayelia barabarani kwa uchungu, machozi ya kweli, Keji ameshika kamera hata kupumua hapumui. Akatokea mtu na baiskeli, akamsalimu kwa Kilugbara. "Mi ngoni?" Yule mama, machozi yakimtiririka, akajibu yuko mzima, akaulizia watoto, akaulizia mbuzi aliyekuwa mgonjwa, akamtakia huyo bwana safari njema, kisha akaendelea kulia pale pale alipoachia. Wani alikaa chini. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuwa na malezi.

Dawa tuliipata wenyewe. Tulimweka mtu mmoja mbele njiani kazi yake kupokea salamu. Anasimama mbali na kamera, anawasalimu wapitao salamu zote hadi ziishe, ya mbuzi ikiwemo, ili wakifika kwetu wawe wameshiba. Msiicheke kazi hiyo. Filamu nyingi za huku zimesimama juu ya mgongo wa mpokea salamu.

Sasa niwape kesi ngumu kuliko zote nilizokutana nazo. Ilikuwa ya sauti moja tu, ya mtu mmoja, isiyozidi pumzi moja.

Kwa ninyi wa Koboko na wa ng'ambo ya mpaka: kwetu Walugbara mwanamume wa zamani alikuwa na mwito wake mwenyewe, tunauita cere. Ni sauti ndefu ya juu, anaipiga akiwa njiani jioni, au akitoka kwenye furaha, ili watu wa nyumbani wajue anayekuja ni yeye na si mwingine. Mwito huo hauazimwi. Ukipiga wa mtu mwingine unamtafutia ugomvi, na akiwa hayupo unawatafutia ugomvi ndugu zake wote. Siku hizi vijana wana simu, na simu zao zote zinalia mlio mmoja.

Wani alikuwa ameandika filamu ya mtu anayerudi Aroi kutoka kwenye mashamba ya miwa ya kusini, baada ya miaka mingi. Hajui kama mke wake bado anamngoja. Haendi kupiga hodi. Anasimama kilimani juu ya nyumba, anapiga mwito wake, anangoja. Mwishoni mlango unafunguka. Basi, imekwisha.

Aliyeigiza alikuwa Mzee Onzima, mchoma matofali wa pale pale Aroi, Mungu amlaze pema. Jina lake linatokana na ubaya, na la mke wake, Mama Ayikoru, linatokana na furaha. Wazazi wetu walikuwa wanataja mambo kama yalivyokuwa siku ile, mtoto atajua mwenyewe la kufanya. Ujana wake kweli ulikuwa umebaki kwenye miwa, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa kutembea kama mtu aliyechoka. Hakuwahi kujiona kwenye picha inayotembea. Kila akimaliza tukio alimwuliza Wani, "Mimi nitajiona lini?" Na Wani akamwahidi: "Utajiona, mzee. Utakuwa umekaa kwenye kiti chako, utajiona unatembea."

Siku ya mwito ilikuwa nzuri, upepo ulikuwa umelala. Mzee alipanda kilima, akasimama, akavuta pumzi. Ile sauti ilipotoka, nywele za mikono yangu zilisimama. Na wakati huo huo, chini kwenye njiapanda, mtu akawasha mashine ya kusaga unga. Du-du-du-du, juu ya mwito wote, mwanzo hadi mwisho.

Niliinua mkono. Mzee Onzima aliteremka akitabasamu. "Mmeipata?"

"Tumeipata, mzee," nilisema, "lakini na mashine imeipata."

Wani akamwomba arudie mashine ikizimwa. Mzee akamtazama kama mtu anayeulizwa swali na mtoto. "Nirudie namna gani? Nimeshafika nyumbani. Mutu hafiki mara mbili kwa siku moja."

"Ni kwa ajili ya filamu tu, mzee."

"Mimi najua. Kesho nitaondoka tena, halafu nitafika tena."

Hakuna aliyebishana naye. Nani angebishana na jambo lililonyooka namna ile? Lakini kesho ikaja na mvua, na kesho yake vilevile, barabara ikawa tope tupu. Mvua haijakatika, tukaletewa habari kwamba Mzee Onzima ameanguka, amelazwa hospitali ya Kuluva. Alitoka akiburuta mguu, mkono wa kulia umelala, na maneno yamekwenda. Kuelewa alielewa kila kitu. Akifungua kinywa ilitoka pumzi peke yake.

Wani alinipigia simu niende Koboko, kwenye chumba chake cha kuunganishia picha. Nilikwenda, na mto wangu wa kulalia, na kikombe changu. Tulijaribu kuiondoa ile mashine. Ninyi mna programu za siku hizi. Sisi tulikuwa na subira. Lakini mashine na mzee walikuwa wameshikana. Ukimtoa mmoja, mwenzake anatoka naye. Kilichobaki kilikuwa kama mbuzi anayelia ndani ya debe.

Wani akazima spika. "Yuko binamu yake mmoja," alisema. "Anaweza kuipiga ile cere. Hata mwenyewe hatajua tofauti."

"Hapana."

"Mama Kimya, nisikilize kwanza."

"Nimesikiliza. Ndiyo kazi yangu. Hapana."

"Mimi nimekua Koboko mjini, nimeitwa kwa jina na kwa fimbo. Hayo ya mwito siyajui kama wewe. Lakini nilimwahidi yule mzee kwamba atajiona. Bila mwito hakuna filamu, kuna mtu amesimama kilimani anatafuta mtandao." Kisha akasema polepole, "Umemwona hali yake. Tukingoja mpaka wewe uridhike, hatajiona kabisa."

Nilijua yeye ana haki, nami nina haki, na katikati yetu kuna mtu amekaa kwenye kiti Aroi na muda wake si mwingi. Niliosha kikombe changu ambacho hakikuwa kichafu. Mwishowe nikasema, "Twende tukaulize."

Mama Ayikoru alitupokea kwa salamu kamili, akatukalisha, akatuletea karanga, akatuacha tutafune mpaka tutaje wenyewe kilichotuleta. Mzee Onzima alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, shati limefungwa vifungo vyote. Wani alianza mbali, akapita kwenye hali ya hewa, akapita kwenye bei ya matofali, hatimaye akafika kwa binamu.

"Binamu?" Mama Ayikoru aliuliza. "Huyo ya meno?"

"Huyo, mama."

"Siku atapiga cere ya huyu muzee hapa, mimi natoka na mwiko." Akachagua karanga moja, akaimenya bila haraka. "Nikimaliza na yeye, nakuja kwenu."

Wani akatazama viatu vyake. Mimi nikataka kufurahi kwamba nimeshinda, lakini Mama Ayikoru alikuwa hajamaliza.

"Na kitu ingine. Mwenyewe iko hapa. Hana mdomo, lakini masikio iko. Mmekaa mnaongea na mimi kama amekufa."

Maneno hayo yalituingia sote wawili. Nilisimama, nikachukua rekoda na hedifoni, nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Nikamwambia, "Mzee, mwito wako ninao. Una mashine ndani yake. Naomba usikilize, utuambie tufanye nini." Nikamvalisha.

Mwanzoni uso wake haukubadilika. Kisha mkono wa kushoto ukapanda, ukashika hedifoni, ukaikandamiza sikioni. Ilipokwisha alinitazama, nikaelewa, nikairudia. Nikairudia tena. Halafu akaivua. Nilidhani tumemwumiza, nikanyoosha mkono nipokee. Hakunipa mimi. Alimvuta mke wake kwa kiwiko, akamvalisha yeye, juu ya kitambaa, imekaa upande, akaishikilia kwa kiganja isidondoke.

Nikawasha. Mama Ayikoru alisikiliza amekunja uso kama mtu anayeonja chumvi.

"Hii mashine," alisema, kwa sauti kubwa kama wote wanaovaa hedifoni, "ni ile ya njiapanda."

"Ndiyo, mama. Ndiyo iliyoharibu."

"Siku ile nilikuwa huko na muhogo yangu."

Wani akainua kichwa. "Ulikuwa kwenye mashine? Ulimsikia?"

"Namna gani sitasikia? Hata kama mashine iko tatu. Niliambia wale wanawake, ah, huyu leo amerudi mapema, na mimi unga bado."

Nimesema filamu fupi haina pa kujificha. Upande wa pili wa ubaya huo ni huu: ni ndogo, unaweza kuishika yote mkononi ukaigeuza. Tulikuwa tumehangaika jinsi ya kuitoa mashine, na kumbe tungeweza kuikaribisha. Mke hayuko nyuma ya mlango akingoja. Yuko njiapanda, kwenye foleni ya unga, katikati ya kelele, na anasikia. Kelele isiyo na mwenyewe ni kasoro. Ukimwonyesha mwenyewe, inakuwa mahali. Hilo liandikeni mahali mtakapoliona kila siku.

Wani alipiga magoti kando yangu. "Mzee, tukiacha mwito wako kama ulivyo, pamoja na mashine, na tukimpiga picha mama akiusikia, umekubali?"

Mzee Onzima hakutikisa kichwa. Alimgeukia mke wake na kwa ule mkono mmoja akamnyooshea kitambaa kilichovutwa na hedifoni.

Wani akangoja. "Sijui kama hiyo ni ndiyo," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Amekubali," Mama Ayikoru akasema. "Wewe unafikiri miaka yote hii alikuwa anajibu mimi na maneno?"

Tulikwenda kwenye mashine siku iliyofuata. Mwenye mashine, mtu mwenye adabu, alipoona mti wangu na kofia ya sufu akakimbia kuizima injini ili asitusumbue. Maisha yangu yote ya kazi nimeomba watu wazime. Siku ile nilisimama nimejaa unga, nikimsihi awashe, na aweke muhogo mwingi, izidi kulalamika. Wani alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama Ayikoru naye alikuwa na masharti. "Mimi sio mutu ya sinema."

"Usifanye kitu, mama," Keji alimwambia. "Ngojea unga tu."

"Hiyo najua."

Tulikubaliana kwamba nitamwinulia mkono pale mwito unapotakiwa kufika, kwa sababu kilimani hapakuwa na mtu. Mashine ikanguruma, Keji akawasha kamera. Mama Ayikoru alisimama na gunia lake kati ya wanawake wengine, unga umemkaa kwenye nyusi. Sijainua mkono bado, akainua kichwa.

"Umewahi, mama," nilimwambia baadaye. "Nilikuwa sijakupa ishara."

"Ishara ya nini? Kutoka kwa barabara mpaka juu pale, mimi najua anafika wakati gani."

Hatukurudia. Keji alisema hakuna cha kurudia. Katika ile picha Mama Ayikoru hatabasamu, hashiki kifua, hatokwi na machozi. Ni uso wa mtu aliyesikia mumewe amerudi na anawaza: na mboga je? Mwongozaji mwingine angemwomba atabasamu kidogo. Wani hakumwomba, na kwa hilo pekee ningemfuata hata mahali pa mbali, mradi tunarudi jioni.

Aliunganisha haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya. Kila siku alipiga simu Aroi kuuliza hali, akiniambia ni kwa ajili ya ratiba. Kisha tukapakia projekta, betri ya sola na shuka nyeupe, tukaenda. Ilikuwa mchana, tukafunika madirisha kwa mablanketi mpaka chumba kikawa na giza la kutosha. Majirani waliingia, wakakaa chini, wengine wakasimama mlangoni wakileta mwanga mpaka nikawanyamazisha na kuwafukuza kwa pamoja. Mzee Onzima alikuwa kwenye kiti chake, mbele kabisa. Mama Ayikoru alikaa kando yake kwenye mkeka.

Alijiona. Alijiona anatembea kwenye barabara yake mwenyewe, miguu yote miwili, na watu wakataja jina lake kila alipotokea. Hakuondoa macho kwenye shuka. Wani alikuwa amesimama karibu nami nyuma, na mara hii yeye ndiye aliyesahau kupumua.

Kikaja kilima. Ikaja njiapanda, mashine, wanawake, unga. Mwito ukatoka kwenye spika ukapita katikati ya zile kelele, ukajaa chumba kile kidogo. Na Mama Ayikoru akasimama, akatoka nje.

Nilifikiri tumekosea tangu mwanzo, kwamba mashine au si mashine, hatukuwa na haki ya kuuleta mwito ule ndani ya nyumba yake. Nikamfuata. Nilimkuta jikoni ameinama juu ya mafiga, anachota maji ya moto kutoka kwenye sufuria, anayatia kwenye beseni, anapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto.

"Mama, haijaisha bado," nilimwambia.

"Wewe hukusikia? Ameita." Akaongeza maji baridi kidogo. "Mutu anatoka njiani na vumbi yote ile. Shika taulo hiyo."

Nikashika taulo. Tulirudi ndani nikimfuata nyuma. Alipita katikati ya majirani, akapita mbele ya mwanga wa projekta, na kwa muda mfupi sura yake mwenyewe, yenye unga kwenye nyusi, ilikuwa imemlalia mgongoni. Hakuitazama. Alipiga magoti, akaweka beseni chini, akaanza kumvua mume wake viatu. Mzee Onzima akamwekea kiganja kichwani, juu ya kitambaa. Majirani wakageuka kuwatazama wao.

Kwenye shuka filamu ilikuwa inaendelea. Wani akanyoosha mkono ili aisimamishe. Nikamshika.

"Iache iende," nilimwambia. "Hakuna anayeitazama."